Granada kwa mfuko mdogo: unaagiza soda, chakula kinakuja chenyewe

Watu wangu wengi hapa Köln, Ujerumani, wakisikia Hispania wanawaza Barcelona tu, na Barcelona ukifika ukikaa hela, ukiinuka hela. Sisi mwezi wa kumi na moja tukaenda Granada, mimi na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma Uholanzi na anaishi kwa hela ya mwanafunzi, tukalala siku tatu, na nimerudi na jambo moja ambalo nataka kila Mswahili mwenye kibali cha huku na mfuko mwembamba alijue: Granada ukiagiza kinywaji chochote baa, hata soda, unaletewa na sahani ya chakula na hiyo sahani hailipiwi. Na sisemi karanga au krispi, nasema chakula cha kupikwa, cha moto.

Inavyoenda ni hivi. Unaingia, unatafuta pa kusimama kaunta, unataja kinywaji chako basi, habari ya chakula humwambii mtu. Dakika mbili tatu jamaa anaweka glasi, anaweka na kisahani pembeni, hiyo ndo tapa. Huchagui, unakula walichopika siku hiyo. Kinywaji cha pili kinakuja na tapa nyingine tofauti, cha tatu nyingine tena, na baa nyingi kadri unavyoendelea kukaa ndo sahani zinavyozidi kunoga, kwahiyo usiwe na haraka ya kuhama. Sisi kinywaji pamoja na chakula chake tulikuwa tunalipa kati ya euro 2.50 na 3.50, vinywaji vitatu mtu ushakula usiku umeisha. Na usidhani ni Hispania yote, Almería na Jaén wanayo desturi hii, León pia wanayo, lakini ukienda Sevilla au Barcelona ukaomba tapa utaiona kwenye bili.

Kwa sisi tusiokunywa pombe niliogopa kidogo, nikasema labda hii ofa ni ya wanywa bia. Hapana. Soda inahesabiwa, bia isiyo na kilevi inahesabiwa, na kuna kitu kinaitwa mosto, ni juisi ya zabibu ambayo haijachachushwa, unaletewa na barafu na kipande cha chungwa, tamu mpaka mdogo wangu akawa hataki kingine. Tulizunguka baa siku zote tatu na mosto zetu na hakuna aliyetuangalia vibaya.

Usiku wa kwanza tulienda Los Diamantes, ile ya mtaa wa Navas, ya zamani, ipo tangu 1942 na kazi yao ni samaki wa kukaanga na vyakula vya baharini. Ndani padogo, hakuna viti vya maana, watu wamebanana bega kwa bega wanapiga kelele, sakafuni tishu, na mimi kwa mara ya kwanza nikasema huku tumekosea tutoke. Mdogo wangu akaniambia dada tulia kwanza tuone. Akapenya mpaka kaunta akaagiza mosto mbili. Jamaa wa kaunta alikuwa anapokea oda za watu kama kumi bila kuandika, akageuka, akatuwekea sahani ya dagaa wakubwa wanaitwa boquerones, wamepakwa unga mwepesi, wametoka kwenye mafuta sasa hivi, na kipande cha limau. Ukishika mkia unakula wote na mfupa wake, unga unavunjika, ndani nyama laini bado ina maji maji. Mimi nimekulia Tanga, samaki wa kukaanga hutonidanganya, na nakwambia hawa watu wanajua. Raundi ya pili ikaja kamba, wao wanaita gambas, nao wa kukaanga. Ya tatu ngisi. Wawili sisi, vinywaji sita, tukatoka na bili ya chini ya euro 20 na tumeshiba kabisa, na huo mtaa wa Navas wenyewe ni wa watalii, huko kwa wanafunzi ni nafuu zaidi.

Tukiongelea wanafunzi, usiku wa pili tulitoka katikati tukaenda mtaa wa Pedro Antonio de Alarcón, huko ndo wanafunzi wanakula. Chuo kikuu cha Granada ni cha 1531 na wanafunzi wamejaa mji mzima, na nafikiri ndo wanaoshikilia bei zisipande. Sahani za huko hazina urembo ila kubwa, tulipata wali, tukapata tortilla ya viazi ambayo Mtanzania yeyote akiiona anasema hii si chipsi mayai? Ni ndugu yake kweli, tofauti ni kwamba viazi wanavipika taratibu kwenye mafuta ya zeituni mpaka vinalainika halafu ndo yanakuja mayai, inakuwa nene kama keki. Haina kachumbari, hilo ndo pengo lake.

Lakini kama una siku moja tu na unaweza kukaa mezani ulipie chakula, agiza berenjenas con miel. Ni biringanya, zimekatwa nyembamba au vijiti, zimekaangwa zikawa kavu nje, halafu juu wanamwagia asali ya miwa, ile nyeusi nzito, maana pwani ya Granada kule Motril walilima miwa miaka mingi. Chumvi na utamu pamoja. Mdogo wangu kwenye menyu akaanza kuniuliza dada unaona haya maneno, aceituna ni zeituni, azúcar ni sukari, hata hilo berenjena na biringanya ni ukoo mmoja, na ni kweli, Kiarabu kilipita kwao na kilipita kwetu. Tukawa tunaisoma menyu kama tunasoma barua ya ndugu wa mbali.

Sasa nguruwe. Hili lazima nilieleze vizuri kwasababu ndo linalowasumbua Waislamu wengi. Nguruwe yupo kila mahali Hispania, mapaja yananing'inia juu ya kaunta, na tapa huchagui, kwahiyo uwahi kusema wakati unaagiza kinywaji, usisubiri sahani ifike. Sema "no como cerdo, ni jamón", yaani sili nguruwe wala jamón, hayo mapaja yake yaliyokaushwa. Hilo neno jamón litaje kabisa, maana wapo ambao ukiwaambia huli nyama wanakuletea kitu kina vipande vya jamón ndani na kwao hiyo haihesabiki kama nyama. Sisi tulisema hivyo kila mahali na kila mahali walitubadilishia, wakatupa samaki, jibini, tortilla, bila kununa. Adesi ndo mtego mwingine, mchana mmoja niliona adesi kwenye menyu nikafurahi, kumbe wanazipika na soseji ya nguruwe, nashukuru niliuliza kabla. Na kama wewe ni mkali kwenye suala la mafuta kukaangiwa vitu mchanganyiko, au hupendi kukaa sehemu yenye pombe, basi usijilazimishe baa, nenda mtaa wa Calderería Nueva, unapanda kutoka mtaa wa Elvira, umejaa maduka ya chai ya Kimorocco na migahawa ya halali, shawarma, falafel, kuskus. Chai ya mnanaa kwenye birika tulilipa kama euro 3 na nusu, tukakaa saa nzima kwenye mito hakuna aliyetufukuza, mzee mwenye duka akatusalimia salaam aleikum akatuongezea maji ya moto kwenye birika bila kutoza.

Mlo mmoja tu ndo uliniuma na nausema ili usikuumize na wewe. Siku ya pili mchana tulikuwa tumechoka na njaa, tukakaa mgahawa mmoja karibu na kanisa kuu, nje, meza nzuri, menyu ina picha za paella, ule wali wao. Hatukuuliza kitu. Mkate ukaja hatujaagiza, tukala, tulipolipa mkate upo kwenye bili, na kukaa nje kumeongezewa bei, maji ya chupa yapo, jumla euro 41 watu wawili na wali wenyewe ulikuwa wa kupashwa, kamba wawili juu kavu kama mbao. Niliumia kwasababu saa hiyo hiyo, mtaa wa nyuma, tungekula menú del día. Hii ni mlo kamili wa mchana, sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji, na tunda au kahawa mwisho, vyote kwa bei moja iliyoandikwa ubaoni mlangoni, sisi siku ya tatu tulilipa euro 13 kila mtu, nikala supu ya dengu na mchicha kisha samaki, mdogo wangu kuku. Bei hiyo ni ya mchana na hasa siku za kazi, wikiendi wengine hawaiweki. Kwahiyo angalia ubao ulioandikwa kwa chaki, angalia kama waliokaa ni watu wa kazi na ovaroli zao, kaa ndani. Na maji omba "agua del grifo", ya bomba, tangu 2022 sheria inawataka wakupe bure, na ya Granada yanatoka milima ya Sierra Nevada, matamu kuliko ya chupa.

Saa zao pia uzijue la sivyo utalala njaa mchana kweupe. Chakula cha mchana ni kuanzia saa nane mpaka saa kumi, hapo majiko mengi yanazimwa, mpaka saa mbili usiku na kuendelea. Ukija na tumbo la Ujerumani la saa sita na saa kumi na mbili unakuta kila mlango umefungwa na unaishia kwenye migahawa ya watalii. Jumapili supamaketi nyingi zimefungwa, nunua maji, matunda na mkate Jumamosi.

Asubuhi tulikuwa tunakula baa ya chini ya hosteli, tostada, kipande kirefu cha mkate wa kuchoma, nyanya iliyosagwa juu, chumvi, na chupa ya mafuta ya zeituni unaachiwa mezani umwage mwenyewe unavyotaka. Ukisema "media" unapewa nusu, inatosha. Na kahawa ya maziwa, euro 3 na senti. Jimbo la jirani Jaén ndo linaongoza duniani kwa mafuta ya zeituni, na njiani kwenye basi kutoka Málaga utaona miti ya zeituni vilima na vilima, basi kile ulichokiona dirishani asubuhi yake unakichovya mkate.

Kulala. Tulichukua hosteli Albaicín, ule mji wa zamani wa Waislamu upande wa kilimani, kitanda kwenye chumba cha watu sita, euro 22 kwa usiku kila mtu, shuka imo, jiko la kupikia lipo. Chumba changu kilikuwa cha wanawake tu, niliomba hivyo nilipobuki. Mazuri, ukitoka mlangoni uko kwenye vichochoro vya nyumba nyeupe, maua ukutani, na jioni unasikia maji ya mto Darro chini. Mabaya, naanza na njia. Barabara za Albaicín ni ngazi na mawe ya mto yaliyopangwa, sanduku la matairi halivutiki, mimi nilikuja nalo na nililibeba kichwani kama ndoo dakika ishirini, kwahiyo njoo na begi la mgongoni au panda vile vibasi vidogo vyekundu, C31 na wenzake, ni kama vipanya vyetu kwa namna vinavyopenya kwenye vichochoro, nauli haifiki euro mbili. La pili baridi. Granada iko juu, mita 700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, mchana wa Novemba unavaa shati usiku unatetemeka, na hosteli yetu hita walikuwa wanazima saa sita usiku, blanketi moja jepesi. Usiku wa kwanza sikulala vizuri, nililala na koti. Asubuhi nikaenda mapokezi nikaomba blanketi la pili wakanipa mbili bila neno, kumbe yapo, ni kuomba tu. Ila naona wangeyaweka kitandani kabisa, mgeni anayefika saa tano usiku atamuomba nani wakati mapokezi hamna mtu. Kufuli la kabati njoo nalo, la kwao wanakuuzia.

Ukiwa na watoto au mzee usikae Albaicín, tafuta chumba karibu na Plaza Nueva au Gran Vía, vile vyumba vya pensión, vya familia, wawili mkichangia chumba tofauti na hosteli si kubwa na hakuna kupanda kilima. Na uikwepe wiki ya Pasaka, bei zote zinaruka.

Kuna jengo nataka ulipitie hata kama una nusu saa, linaitwa Corral del Carbón, hatua chache kutoka kanisa kuu, kuingia bure. Ni nyumba ya wageni ya karne ya 14, wakati wa wafalme Waislamu wa Granada. Wafanyabiashara walifika na mizigo yao, bidhaa zikawekwa chini, wenyewe wakalala vyumba vya juu vinavyozunguka ua, katikati kuna birika la maji. Nilisimama pale uani nikaangalia vile vyumba vidogo vidogo vimepangana ghorofa tatu, nikajisemea hii si ndo hosteli yetu, mtu ametoka mbali na mzigo wake anatafuta pa kulaza ubavu kwa bei anayoiweza.

Alhambra nayo, ile ngome yenye majumba ya wafalme hao Waislamu, ndo hela kubwa ya safari na usije ukajinyima hapo. Tiketi kamili sisi tulilipa kama euro 20, inunue kwenye tovuti ya Alhambra yenyewe wiki kadhaa kabla, zinaisha mapema, na wauzaji wa katikati wanapandisha. Jina na namba ya pasipoti viandikwe sawasawa, na pasipoti uibebe siku hiyo maana wanaikagua. Kwenye tiketi kuna saa ya kuingia majumba ya Nasrid, ndo ukoo wa wafalme wenyewe, ukichelewa hiyo saa hupati. Ndani mdogo wangu, ambaye madrasa alimaliza vizuri kuliko mimi, alisimama ukutani akaanza kusoma polepole, wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mungu, akaenda ukuta wa pili ipo, wa tatu ipo, kuta zote, imerudiwa na kurudiwa. Utawala wao uliondoka 1492 na maneno yako pale pale. Tulinyamaza muda mrefu. Kula chako kabla, ndani bei si za kawaida.

Jioni yake tulipanda mirador ya San Nicolás, uwanja wa juu wa kutazamia mji, kuiangalia Alhambra kwa ng'ambo jua linazama, hapo bure, lakini watu wengi mno. Pembeni tu kuna msikiti mkubwa wa Granada, ulifunguliwa 2003, na bustani yake inaangalia upande ule ule, kimya, maua, tukaswali magharibi kwa jamaa tukatoka tukakaa pale. Kwa wanaoswali hapo ndo mahali.

Hesabu yangu ya siku tatu, bila ndege: kulala euro 66, basi la Málaga kwenda na kurudi kama 28, Alhambra 20, vibasi vya mjini 6 hivi, chakula na chai 90 na kitu pamoja na ule mlo wa karibu na kanisa. Euro 210 na ushee. Basi kutoka uwanja wa ndege wa Málaga ni kama saa mbili, ila si kila saa lipo la moja kwa moja, angalia ratiba kabla hujakata ndege, vinginevyo unaingia kwanza Málaga mjini kupanda la huko. Stendi ya Granada iko mbali na katikati, kuna basi la 33 na kuna metro.

Na mwezi huo wa kumi na moja ndo msimu wa komamanga. Jina lenyewe la mji kwa Kihispania ni komamanga, utaliona limechongwa hadi kwenye vile vinguzo vya pembeni mwa barabara. Tulinunua manne sokoni asubuhi ya mwisho, mawili tukayala tukisubiri basi, tukiyapasulia kwenye mfuko wa plastiki ili tusichafue benchi, mawili mdogo wangu akayapeleka Uholanzi.